Majani Yaliyonyimwa Maji

Juzi binti yangu alinikataza kumwagilia mmea wake maji. Nilikuwa nimeshika kikombe, nimeinama dirishani hapa kwetu Theta, huruma imenijaa, kwa sababu udongo ulikuwa mkavu hadi umeachana na ukingo wa mkebe. "Mum, wacha, utaiua," akasema bila kuinua macho kwenye simu. Mmea wenyewe aliununua Ruiru, kwa wale vijana wanaouza miche kando ya barabara kuu, nao walimwambia unaitwa sakulenti. Kando yake alikuwa amelaza majani kadhaa juu ya kipande cha gazeti, manene, ya kijivu, bila udongo wala tone la maji, na alikuwa akisubiri yaote mizizi. Alionyeshwa na mtu fulani kwenye video.

Nikaweka kikombe chini na kucheka peke yangu. Ningemwambia kwamba majani kama hayo ndiyo yaliyoamua cucu yangu, yaani nyanya yangu, aishi wapi na azikwe wapi, angeona nimeanza kuzeeka vibaya. Vijana wa siku hizi, hadithi ikirefuka kidogo wanatafuta mahali pa kuirusha mbele. Wewe nakujua, utakaa. Vuta kiti.

Wakati huo tulikaa Thika, mimi na mama, kwenye ploti moja karibu na Eneo la Viwanda. Ploti, kama umesahau, ni ile safu ya vyumba vinavyotazamana, uwanja wa simiti katikati, mfereji mmoja wa maji na foleni ya ndoo. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, akirudi jioni na nyuzi za pamba kwenye nyusi, utadhani amezeeka mchana huo huo. Tuliamshwa na king'ora cha shifti. Upepo ukitoka upande mmoja ulileta harufu ya mananasi yanayochemshwa, tamu hadi mate yanakujaa. Ukigeuka ulileta harufu ya ngozi mbichi, na hapo ploti nzima ilifunga madirisha na kunung'unika. Udongo haukuwepo. Mtoto aliyetaka kucheza na matope alilazimika kuvuka barabara.

Cucu, mamake mama, alikuwa na shamba lake Ngoliba, kule chini kwenye joto, ambako mahindi huanza vizuri kisha yakakata tamaa. Guka, mumewe, alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa kando ya nyumba. Cucu akabaki na mbaazi zake, kuku wake, na safari za kuteka maji mtoni. Siku moja aliteleza akitoka mtoni, akalala njiani na mtungi wake kando, hawezi kuinuka, mpaka jirani alipopita na mbuzi. Habari ilipomfikia mama kazini, hakungoja hata mwisho wa wiki. Alitafuta pikapu ya kuazima, akaenda, akarudi na cucu, godoro, na kuku wawili waliofungwa miguu. Kuku hawakuruhusiwa kwenye ploti, kwa hivyo waliishia kwenye sufuria, na cucu alikataa kabisa kuwala. Alisema hali watu anaowajua.

Mama alimleta mjini asije akafa peke yake. Alilisema wazi, akiosha vyombo, akisema na jirani, akisema na Mungu kanisani. Na cucu naye hakuwahi kuficha kwamba anataka kurudi. Kila Jumapili, chapati zikiiva, aliuliza, "Nitarudi lini?" Mwanzoni mama alimwambia mguu ukipona. Mguu ulipopona, akaambiwa nguvu zikirudi. Nguvu ziliporudi, akaambiwa angoje jua lipungue, na jua la Ngoliba wewe unalijua halijawahi kupungua. Mimi nilikuwa upande wa mama. Nililala kitanda kimoja na cucu, na miguu yake ilikuwa na joto zuri sana wakati wa baridi ya Julai.

Lakini mchana hakukuwa na mtu. Mama kiwandani, mimi shuleni, vyumba vyote vimefungwa kwa kufuli. Cucu alibaki na redio na ule uwanja wa simiti, ambao aliufagia hata kama hauna kitu. Mwanamke aliyelima tangu akiwa msichana, sasa hana hata konzi moja ya udongo. Alianza kupungua. Mama alimwongezea maziwa kwenye uji, akamwongezea njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, na bado nguo zilimlegea.

Aliyemwokoa alikuwa jirani wa mlango wa mwisho, mama wa Kiislamu, mjane kama yeye, aliyewauzia watu wa shifti mahamri yenye iliki. Mlangoni kwake palikuwa na sufuria kuukuu iliyotobolewa, na ndani yake mmea wa majani manene yaliyojipanga kama ua lililofunguka. Cucu aliuzunguka kwanza siku kadhaa kabla ya kuuliza. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, lakini alikitumia bila kuogopa.

"Hii ni mboga?"

"Ni ua, mama."

"Na hii ua inazaa nini?"

"Haizai kitu. Inapendeza tu macho."

Cucu alicheka hadi akashika ukuta. Hakuwa amewahi kupanda kitu kisicholiwa. Jirani hakukasirika. Alichomoa jani moja, akamwekea kiganjani, akamwambia aliweke, litatoa mtoto. Cucu aliliangalia mbele na nyuma. Jani bila mbegu, bila kijiti, litoe mtoto? Alidhani anachezewa shere kwa sababu ni mtu wa mashambani, lakini jani akaja nalo.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa Ngoliba hawezi kulikwepa. Alinituma ng'ambo ya barabara na sufuria kuchota udongo mwekundu. Akautia kwenye kimkebe, akachimba kishimo, akalizika jani kama anavyozika maharagwe, kisha akalimwagilia maji. Asubuhi maji. Jioni maji. Kule kwao maji yanatoka mbali na yanaletwa kwa mgongo, kwa hivyo kumpa mtu maji ni kumwambia unampenda. Na kijiti chochote unachokitaka kiishi, unakigawia katika yale maji uliyooshea vyombo. Jani lilioza. Alilifukua likiwa laini kama kitunguu kilichochemshwa. Akaomba jingine, akalipenda zaidi, likaoza mapema zaidi.

Jirani alikuja akatazama kile kimkebe kilichojaa tope, akachuchumaa. "Mama, hizi unazihurumia sana," akasema. "Ukilichuma, liache. Kidonda kikauke kwanza. Ukisikia huruma, nenda ukanywe hayo maji mwenyewe."

Basi cucu akaanza upya, na mimi nikawa mkono wake wa pili. Alinifunza kulishika jani pale linapokutana na shina, kulitikisa kushoto na kulia polepole kama jino la mtoto, mpaka litoke zima na kisigino chake, ile ncha iliyoshikana na shina. Likikatika juu ya kisigino ulitupe tu, halitatoa kitu. Tuliyalaza kwenye gunia juu ya kabati, mahali penye mwanga lakini jua haliyachomi, na tukayasahau kwa makusudi. Hilo la kusahau ndilo lililomtesa. Nilimkuta mara nyingi amesimama mbele ya kabati, mikono nyuma, amejishika vidole.

Kidonda kikishakauka, yalilazwa juu ya udongo bila kufukiwa. Udongo nao haukuwa ule mwekundu unaoshika maji. Tuliuchanganya na mchanga wa mjengo uliokuwa ukiendelea karibu nasi, na vumbi la makaa kutoka chini ya gunia. Kisha siku moja, kwenye kisigino, unaona nywele nyembamba za rangi ya waridi zikitafuta chini. Baadaye kidogo kitu kama punje, na ile punje inajifungua kuwa mmea mzima, mdogo kuliko kifungo cha shati. Hapo tu ndipo cucu alipokubaliwa kuchovya vidole kwenye kikombe na kuvikung'uta juu yake, basi. Kadiri mtoto alivyonenepa ndivyo jani lililomzaa lilivyokunjamana na kuwa jepesi. Mimi nilitaka kulitoa kwa sababu lilionekana baya. Cucu alinishika mkono. "Wacha. Bado ananyonya."

Ndani ya mwaka dirisha letu lilikuwa limejaa. Mama alileta mikebe ya mafuta ya kupikia kutoka jikoni mwa kiwanda, akamwomba seremala atupigilie rafu, kisha nyingine juu yake. Watu wa ploti walikuja kuomba vipande, wakaambiwa warudi vikishakauka kidonda, nao walirudi na kukaa kidogo wakiongea. Cucu alinenepa. Jirani wa mahamri alileta kigoda chake kila alasiri, na wawili hao waliongea Kiswahili ambacho nusu yake ilikuwa mikono. Na lile swali la Jumapili likakoma. Mama aliliona hilo kabla yetu sote. Nilimsikia akimwambia jirani, "Sasa ametulia. Ameshika Thika." Akikanda unga wa chapati alikuwa akiimba, na mimi niliipenda nyumba yetu wakati huo kuliko wakati mwingine wowote.

Agosti, shule zimefungwa, cucu alisimama mbele ya zile rafu, akazitazama moja baada ya nyingine, akasema, "Sasa zimetosha."

Mama alimuuliza zimetosha nini.

"Za nyumbani. Za kaburi la mzee, na za kuzunguka nyumba. Kule hakuna kitu inasimama na ile jua, lakini hii itasimama. Nikirudi, nipate pahali panapendeza."

Fikiria uso wa mama. Mwaka mzima amekuwa akibeba mikebe na kuita seremala, akidhani mamake anashika mizizi Thika, kumbe mwenzake anaandaa miche ya kuhamia. Alikaa kitandani, akafungua kitambaa cha kichwa na kukifunga tena. Nakumbuka hata uji ulifurika na hakuna aliyeuepua.

"Mami, ulianguka," akasema mwishowe. "Ulilala kwa njia kama gunia. Sasa nani atakuokota?"

"Nilianguka nikaokotwa. Huku nyinyi mkitoka asubuhi, ni mimi na redio. Jirani yangu naye alasiri tu. Kule hata mbuzi wa watu wananijua."

"Hata mimi nakujua."

"Wewe unanijua jioni," cucu akasema, bila ubaya wowote.

 Kesho yake mama akatoka na neno lake. Tutaenda Ngoliba, tutaipanda mimea yote, tutaiacha. Hakuna mtu atakayeimwagilia, hata jirani haruhusiwi. Tutarudi kuiangalia wakati wa mapumziko mafupi ya muhula wa tatu, kabla mvua ya vuli haijaanza. "Nikiikuta hai, nitakurudisha kwako na sitasema tena. Nikiikuta imekauka, hayo maneno ya kurudi tusiyasikie kwa hii nyumba." Cucu aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekemewa, akasema sawa.

Mama alijua anashinda. Katikati ya kichwa chake, ukimsuka nywele, unahisi bonde dogo lililochongwa na mkanda unaopitishwa kichwani kubebea mtungi wa maji mgongoni, alioanza kuuvaa kabla hajaanza shule. Alijua kwa kichwa na kwa mgongo kwamba Ngoliba hakuna kitu kinachoishi bila mtu wa kukibebea maji. Zile rafu alizipenda, lakini alizitazama jioni tu, amechoka, na hakuwahi kuuliza zinalishwa nini. Mimi nilijua, maana nilikuwa nimeyaozesha yale majani pamoja na cucu. Lakini nilitaka abaki, kwa hivyo nilikaa kimya na kuanza kuombea mbuzi. Niliomba kila siku kabla ya kulala wavuke ua na wawe na njaa.

Tuliipanda siku yenye vumbi, ardhi ngumu hadi jembe linalia. Cucu alichagua mahali pa kila mmea kwa fimbo yake, kaburi kwanza, kisha chini ya ukuta, kisha kando ya njia ya kuingilia. Mama alichimba. Alichimba vizuri, sitamsingizia, ingawa aliamini anazika. Tulipomaliza alitazama mikono yake, akatazama mtungi mtupu pale mlangoni, nikaona alitaka sana kwenda mtoni. Ni huruma tu, ile ile. Kisha akakumbuka masharti yake mwenyewe, akatuambia twende.

Wiki zilizofuata rafu zilikuwa tupu na cucu alikuwa mtulivu kuliko sisi wote. Mama ndiye aliyekosa usingizi. Nafikiri alikuwa ameanza kuona aibu ya kushinda. Alimnunulia cucu kitambaa cha kichwa kipya, akampikia mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, katikati ya wiki, vitu vya mtu anayejiandaa kuomba msamaha.

Siku ya kurudi ilifika. Ngoliba ilikuwa imekauka kweli kweli. Mabua ya mahindi yalisimama kama vijiti, mbaazi zimepukutika, na mbuzi wa jirani walikuwa wakitafuna magome. Mbuzi hao hao niliowaombea walikuwa wamevuka ua, unaona kwato kila mahali, wameonja jani moja, wameliacha na alama za meno. Mimea yetu ilikuwa pale. Jua lilikuwa limeipaka wekundu pembeni, imejikaza, imenona, na kando ya mingine vimetoka vitoto ambavyo hatukuvipanda.

Mama alichuchumaa kando ya kaburi la babake. Alibonyeza jani kwa kidole gumba. Likavunjika, na maji yakamtiririkia hadi kwenye kifundo cha mkono. Alikaa akiyatazama yale maji kwa muda mrefu. Jirani wa cucu alikuwa amekuja hadi kwenye ua wa kariaria, ule mti wa maziwa maziwa, na mama akamuuliza ni nani aliyekuwa akimwagilia.

"Nani amwagilie?" akasema yule mzee. "Hata hawa mbuzi nawagawia kwa kikombe."

Mama akamgeukia cucu. "Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukakubali tu, umeinamisha kichwa hivi."

"Lakini hazikufichwa. Zilikuwa dirishani mwaka mzima, nazinyima maji mbele yako," cucu akasema. "Wewe ulikuwa ukiniangalia mimi tu."

Mama alianza kucheka, na kicheko kikamgeuka akiwa bado amechuchumaa, akalia kwa sauti kama sisi watoto. Cucu hakumfariji kwa maneno. Alimwekea mkono kichwani, pale kwenye lile bonde, akauacha hapo.

Mama alitimiza ahadi. Disemba tulimrudisha, na safari hii mama aliweka mfereji wa mabati ukingoni mwa paa na tangi chini yake, ili mtu wa umri ule asibebe tena mtungi. Yule jirani mwenye mbuzi aliahidi kuita jina lake kila asubuhi akipita, na aliita, mpaka asubuhi moja, miaka mingi baadaye, alipoita asijibiwe. Cucu alikutwa kitandani kwake, amejifunika vizuri. Tulimzika kando ya guka. Mama alilia, lakini alilia kama mtu asiyedaiwa kitu.

Ukienda leo huwezi kupajua. Wajomba zangu, waliokuwa wakiishi mbali, waligawana shamba, wengine wakauza, na ua wa kariaria uling'olewa ukajengwa ukuta wa mawe. Makaburi yapo, yamezungushiwa waya. Mimea ilipotea chini ya msingi wa nyumba ya mtu ambaye simjui na ambaye hana kosa lolote. Ploti yetu ya Thika ni godauni. Jirani wa mahamri alihama tukiwa tumeshahama sisi, na kila ninayemuuliza ananitajia mji tofauti. Iliki nikiisikia mahali, hugeuka kutazama nani amepita.

Mama yupo. Amestaafu, magoti yanamsumbua, na bado anakaa Thika kwenye nyumba ya kupanga, peke yake. Hapa Theta nimemwekea chumba. Nimepaka rangi, nimeweka kitanda kisicho kirefu, na kila Jumapili namwomba aje. Hakatai. Huniuliza tu, "Huko kwenu, majirani wanaongea?" Nami husema wanaongea, kisha nabadilisha maneno haraka, kwa sababu tangu tujenge hapa najua magari ya majirani zangu kuliko nyuso zao. Kuta ni ndefu, mageti ni ya chuma, na jambo pekee linalovuka ni sauti ya honi ikiita kufunguliwa.

Baada ya kuweka kile kikombe chini juzi, nilitoka. Nilisimama mbele ya geti la upande wa kulia, nikajisikia mjinga, nikabisha. Ilichukua muda. Mwanamke wa rika langu alifungua kale kamlango kadogo, mikono ina sabuni, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, nakaa hapo kando, nimekuja kumsalimia. Alinitazama kama mtu anayengoja kuuziwa kitu. Kisha akafuta mikono kwenye leso na kunipa mmoja.

Mama sijampigia. Kesho nitabisha geti la kushoto kwanza.